Nadi si Mshipa: Njia za Pumzi katika Yoga na Tatizo la Kuzieleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Mtu anayetaka kujua yoga inafundisha nini kuhusu mwili hukutana mapema na neno nadi. Huelezwa kwamba mwilini mna nadi 72,000, kwamba pumzi ya uhai hupita humo, na kwamba akili haiwezi kutulia katika taamuli iwapo njia hizo zimejaa taka. Akiuliza nadi ni kitu gani, jibu lililo karibu kabisa na ulimi wa Mswahili ni neno moja tu: mishipa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa ni jepesi na lina mantiki yake, lina hasara mbili. Kwanza, linalipotosha fundisho lenyewe. Pili, na hili ndilo zito zaidi, linaweza kumfanya mgonjwa aamini kwamba ametibiwa ilhali hajatibiwa.

Mifano mingi katika makala haya imechukuliwa kutoka Voi na kaunti nzima ya Taita Taveta. Sababu ni kwamba mambo matatu yanayohitajika katika mjadala huu yanapatikana hapo pamoja: historia ya watu kutoka Bara Hindi, imani ya kale ya Wataita kuhusu moyo, hasira na kinywa, na ujuzi wa wakulima wa milimani wa kuongoza maji katika mifereji.

Reli na maneno yaliyosafiri

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ilipita Voi, ikavuka Tsavo ambako simba walikula watu mwaka 1898, na kazi yake ilifanywa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tawi lilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi yanayotunzwa hadi leo. Haifuati kwamba watu hao walikuwa mayogi. Wengi walikuwa Waislamu au Makalasinga, na kibarua anayebeba mataruma ya chuma katika jua la Tsavo hana haja ya kufundishwa namna ya kuhesabu pumzi zake. Hata hivyo watu hawasafiri bila maneno yao, na baadhi ya waliobaki walianzisha taasisi za kidini zilizodumu. Mojawapo ni Arya Samaj ya Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 1903. Jumuiya hiyo itarejelewa tena hapa chini, kwa kuwa mwasisi wake wa awali kule Bara Hindi alikuwa na kisa chake na nadi.

Nadi ni nini?

Katika Kisanskriti kuna maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti. Moja humaanisha mto. La pili, ambalo ndilo la yoga, lina nasaba na tete, yaani bua lenye uwazi ndani kama yale yaotayo kandokando ya Ziwa Jipe huko Taveta. Nadi basi ni kitu chenye uwazi kinachopitisha kitu kingine. Maneno haya mawili yakiandikwa kwa hati ya Kiswahili huwa neno moja, na ndiyo maana baadhi ya waelezaji husema kwa ujasiri kwamba nadi maana yake ni mto. Kosa hilo linasameheka, lakini ni kosa.

Wazo hili ni kongwe. Upanishadi za awali, ambazo hukadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,500, tayari zinazungumzia njia zinazotoka moyoni. Katika Chandogya na Katha, moyo una njia 101, na moja kati yake hupanda hadi utosini. Roho inayotoka kwa njia hiyo wakati wa kufa hufikia kutokufa. Katika Brihadaranyaka, njia hizo ni 72,000, na mtu akilala usingizi mzito hujirudisha ndani kupitia humo akapumzika. Prashna nayo inazijumlisha hesabu hizo: njia kuu 101, kila moja na matawi 100, na kila tawi na vijitawi 72,000. Atakayepiga hesabu atapata 727,210,201. Ni dhahiri kwamba hakuna aliyeketi akazihesabu. Tarakimu kubwa za namna hii zilikuwa njia ya kusema kwamba hakuna pembe ya mwili isiyofikiwa na uhai.

Karne nyingi baadaye, maandishi ya hatha yoga yaliipanga upya ramani hiyo. Hatha Yoga Pradipika, iliyotungwa na Svatmarama katika karne ya 15, inataja nadi 72,000 lakini inashughulika hasa na tatu. Ida iko kushoto, inahusishwa na mwezi na ubaridi, na huishia katika tundu la kushoto la pua. Pingala iko kulia, inahusishwa na jua na joto, na huishia katika tundu la kulia. Sushumna hupita katikati, sambamba na uti wa mgongo. Kwa kawaida, husemwa, pumzi hupishana kati ya ida na pingala, nayo akili huyumba pamoja nayo. Lengo la mazoezi ni kuzisafisha hizo mbili ili pumzi iingie katika njia ya kati, na hapo ndipo taamuli hutulia. Chakra, yaani magurudumu, ni vituo vilivyopangwa juu ya njia hiyo ya kati. Idadi yake hutofautiana kutoka kitabu hadi kitabu. Mpangilio wa vituo sita na kimoja juu yake umeenea duniani kwa sababu ya andiko la Purnananda la mwaka 1577, ambalo John Woodroffe alilifasiri kwa Kiingereza mwaka 1919. Rangi saba za upinde wa mvua ambazo siku hizi huchorwa juu ya vituo hivyo ni nyongeza ya karne ya 20.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chanzo cha njia hizi kilihama. Katika Upanishadi za awali chanzo ni moyo. Katika hatha yoga chanzo ni mahali fulani chini ya kitovu. Laiti nadi zingekuwa viungo vya mwili kama ini au bandama, uhamisho huo ungekuwa kashfa. Lakini waandishi hao hawakubabaika nao hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wakichora ramani ya kuongozea fikira za mtu aliyefumba macho, na ramani ya safari moja si lazima ianzie pale inapoanzia ramani ya safari nyingine.

Maiti katika mto Ganges

Aliyeuchukua mlinganisho wa mwili kwa uzito wote alikuwa Dayananda Saraswati, mtu ambaye mwaka 1875 aliasisi Arya Samaj mjini Bombay. Katika tawasifu yake fupi anasimulia kwamba takriban mwaka 1855, akiwa bado mtawa anayetangatanga, alikuwa amebeba vitabu kadhaa vya yoga, Hatha Yoga Pradipika ikiwa miongoni mwavyo. Maelezo ya nadi na chakra yalikuwa yakimsumbua kwa muda mrefu. Siku moja akaona maiti ikielea katika mto Ganges. Aliingia majini, akaivuta hadi ukingoni, akaipasua kwa kisu, akautoa moyo na kuulinganisha na maelezo ya kitabu. Kisha akavikagua kichwa na shingo. Hakuona lolote lililofanana na alichokisoma. Akavirarua vitabu vile vipande vipande na kuvitupa mtoni pamoja na maiti.

Kisa hiki kina ladha ya hadithi, lakini ndivyo mwenyewe alivyosimulia. Kinachovutia zaidi ni kilichofuata. Dayananda hakuiacha yoga. Aliendelea kuiheshimu sutra ya Patanjali, na zoezi la kudhibiti pumzi likabaki katika ibada ambayo wafuasi wake walifundishwa, pamoja na wale waliokuja kuishi Afrika Mashariki. Yaani aliukana mshipa akaishika pumzi. Labda alikuwa mkali mno kwa vitabu vyake, kwa kuwa alivihukumu kwa kipimo ambacho waandishi wake hawakukikubali. Lakini yeyote anayemwambia mwanafunzi kwamba nadi ni mishipa anamkabidhi kisu kile kile, na hana haki ya kushangaa mwanafunzi akikitumia.

Neno mshipa na mizigo yake

Ni kweli kwamba neno mshipa lina upana unaovutia. Mswahili huliita kwa jina hilo bomba la damu, awe anazungumzia ateri au vena. Huliita hivyo pia neva, akisema mishipa ya fahamu. Ukano nao huweza kuitwa mshipa. Tena mshipa ni jina la maradhi: akisemwa mtu kwamba ana mshipa, msikilizaji mtu mzima anaelewa kwamba ni ngiri au uvimbe wa pumbu, na hamwulizi zaidi mbele za watu. Kuna hata mshipa usioonekana kabisa. Mtu anayefanya mambo ya fedheha bila kujali husemwa amekatika mshipa wa haya, na hakuna daktari wa upasuaji aliyewahi kuuona mshipa huo wala kujaribu kuushona. Mtetezi wa neno mshipa anaweza kuushika usemi huu na kuuliza: ikiwa Kiswahili kinakubali mshipa wa haya, kwa nini kisikubali mshipa wa pumzi?

Hoja hiyo ina nguvu katika fasihi. Mshairi aandike mshipa wa pumzi, wala hakuna atakayedhurika. Lakini darasa la mazoezi si diwani. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Voi ana presha, na katika zahanati ameelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba asipomeza vidonge vyake kila siku, mishipa yake itaharibika, inaweza kuziba au kupasuka, naye apooze. Maelezo hayo ni sahihi. Wiki inayofuata anahudhuria darasa la yoga, na mwalimu kijana, kwa nia njema kabisa, anamwambia kwamba zoezi la kupumua kwa tundu moja moja la pua husafisha na kuzibua mishipa 72,000. Mzee anafanya zoezi, anajisikia mwepesi, anarudi nyumbani. Atafikiria nini juu ya vidonge? Neno ni lile lile, kitenzi ni kile kile, na zoezi halina bei. Hakudanganywa na mtu. Amedanganywa na istilahi.

Hatari hii haiwezi kupuuzwa kwa madai kwamba yoga ni jambo la matajiri na watalii wa mbugani. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafunza vijana wengi wa mitaa ya kawaida kuwa walimu. Mwalimu wa namna hiyo akifika katika ukumbi wa kijijini hawezi kutegemea Kiingereza. Atahitaji Kiswahili, na Kiswahili atakachokitumia kitasikika na watu wenye presha, kisukari na mimba.

Moyo, hasira na funda la kinywa

Katika makongamano ya wanafunzi hutokea mara kwa mara kwamba dhana ngeni ikitajwa, mtu husimama kudai kwamba wahenga wetu walikuwa nayo tangu zamani. Kuhusu nadi, kishawishi hicho Taita ni kikubwa, kwa hiyo inafaa kitazamwe kwa makini.

Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu ya dini yao mwaka 1978, alieleza mfumo ambao wenyewe waliuita Wutasi. Kiini chake kilikuwa moyo. Moyo wenye hasira, uwe wa jirani, wa mzazi au wa mzimu, uliweza kuleta maradhi na maafa kwa mtu mwingine, hata pale mwenye moyo huo alipokuwa hakukusudia madhara. Dawa ya jambo hilo iliitwa kutasa. Mhusika alichukua funda la pombe ya miwa au la maji ya miwa yasiyochacha, akalirusha kutoka kinywani kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuondoa hasira na kuomba heri. Hasira ilitoka, moyo ukapoa, na aliyeathirika akatarajiwa kupata nafuu.

Mfanano na yoga upo. Pande zote mbili zinashikilia kwamba kuna kitu kisichoonekana ndani ya mtu, kwamba kinaweza kuchafuka, na kwamba pumzi na kinywa vina kazi katika kukisafisha. Pande zote mbili zinapenda lugha ya joto na ubaridi. Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Yogi huketi peke yake na kuirudisha pumzi ndani. Mtaita alisimama mbele ya watu na kuitoa nje. Uchafu wa nadi humzuia mwenye nadi asipate utulivu. Hasira ya moyo katika Wutasi ilimwumiza mtu mwingine, na kwa sababu hiyo ilikuwa shauri la ukoo mzima. Tena maelezo ya Wutasi hayana ramani ya ndani ya mwili, wala hayakuihitaji, kwa kuwa njia iliyohangaikiwa ilikuwa kati ya mtu na mtu. Kusema kwamba kutasa ni yoga ya Kitaita ni kuwanyang'anya Wataita fikra yao na kuwapa ya wengine, jambo ambalo halina heshima hata likisemwa kwa majivuno.

Faida ya ulinganisho huu ni nyingine. Unaonyesha kwamba msikilizaji wa Voi hana haja ya kufundishwa kwamba mtu ana zaidi ya nyama na mifupa. Hilo analijua kwa lugha yake. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba njia zinazotajwa katika yoga ziko katika safu hiyo, pamoja na moyo unaokasirika, wala haziko katika safu ya ateri na neva.

Pumzi inayopimika

Je, kuna lolote katika mazoezi haya linaloweza kupimwa? Lipo, ingawa si nadi zenyewe. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza kwamba matundu mawili ya pua hupokezana: utando wa tundu moja huvimba kidogo na kupunguza hewa, wakati mwenzake hufunguka, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Mtu anaweza kulijaribu hili kwa kuweka kiganja chini ya pua asubuhi na tena adhuhuri. Wana yoga waliliona jambo hilo karne nyingi kabla ya Kayser na kulipa maelezo ya mwezi na jua. Uchunguzi wao ulikuwa sahihi. Maelezo yao ni suala jingine.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya. Watu hao walisali rozari kwa Kilatini, na kwa wakati mwingine wakakariri mantra ya yoga. Hali zote mbili zilipunguza upumuaji hadi takriban pumzi sita kwa dakika, na kwa mwendo huo uwezo wa mwili wa kurekebisha shinikizo la damu kwa kuubadilisha mwendo wa moyo uliimarika. Matokeo hayo yana utamu wake katika Taita Taveta, ambako misheni ya Kikatoliki ya Bura imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Bibi anayesali rozari Bura na kijana anayefanya zoezi la nadi Voi huenda wanapumua kwa mwendo mmoja, ijapokuwa kila mmoja angeshangaa kuambiwa hivyo, na pengine mmoja wao angekasirika.

Lakini kupumua taratibu si sawa na kuzuia pumzi kwa muda mrefu au kupumua kwa nguvu na kwa kasi. Mazoezi hayo makali hayamfai mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye maradhi ya moyo, wala mjamzito. Hatha Yoga Pradipika yenyewe inatoa onyo: pumzi hufugwa polepole kama afugwavyo simba, tembo au chui milia, na anayeikurupukia huuawa nayo. Chui milia hayupo Kenya, lakini watu wa Voi, ambao tembo huingia mashambani mwao na kung'oa mahindi, hawahitaji ufafanuzi zaidi kuhusu hao wengine wawili.

Istilahi ipi ifuatwe?

Njia ya kwanza ni kulitohoa neno lenyewe, kama vile wanabiolojia walivyotohoa ateri, vena na neva. Nadi ingeingia katika ngeli ya I-ZI bila shida: nadi hii, nadi hizi. Kikwazo ni kwamba Kiswahili tayari kina kitenzi kunadi, ndugu yake mnada. Mwanasiasa hunadi sera, mfanyabiashara hunadi bidhaa. Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba leo darasa litasafisha nadi anaweza kudhani kwamba kuna kitu kinauzwa.

Njia ya pili ni mrija. Kwa maana ya asili ndilo neno lililo karibu zaidi na Kisanskriti, kwa kuwa mrija nao ni tete au bua la kunyonyea tembo la mnazi. Lakini siasa ya Ujamaa nchini Tanzania iliutia mrija doa lisilofutika: wanyonyaji walikuwa na mirija, na mirija ilipaswa kukatwa. Mwalimu akiwaomba wanafunzi waliokulia huko waihisi mirija yao 72,000, atakuwa amewaomba wajione kupe.

Njia ya tatu ni mfereji. Katika milima ya Taita neno hili lina historia ya heshima. Wakulima walichepusha vijito vya mlimani na kuyaongoza maji kwa mifereji hadi katika mashamba, na waliotumia mfereji mmoja ndio waliokuwa na wajibu wa kuuzoa matope na majani. Hakuna mfano bora wa kueleza nadi shodhana, yaani zoezi la kusafisha nadi: maji hayatengenezwi, yapo, kazi ni kuondoa kilichoyazuia. Kwa bahati mbaya, katika Kiswahili cha Kenya mfereji ni bomba la maji lenye kilango. Mjini Voi, ambako maji ya bomba yana tabia ya kukatika, mfereji wa pumzi ni picha isiyotuliza moyo wa mtu.

Inabaki mkondo. Mkondo ni mwendo wa maji au hewa kuelekea upande mmoja. Husemwa mkondo wa bahari, mkondo wa upepo, mkondo wa umeme. Neno hili lina sifa moja inayolipa ubora: halidai kwamba kuna ukuta. Mshipa, mrija na mfereji vyote vina kingo ambazo mtu wa kisu anaweza kwenda kuzitafuta. Mkondo hutambulika kwa kile kinachopita. Ida ingekuwa mkondo wa kushoto, pingala mkondo wa kulia, sushumna mkondo wa kati, na majina ya Kisanskriti yakabaki pembeni kwa atakayeyahitaji. Chakra zingeweza kuitwa makutano, neno ambalo wakazi wa Voi wanalielewa vyema, kwa kuwa mji wao ulikua pale ambapo reli ya Taveta ilichepuka kutoka reli kuu.

Tahadhari moja inahitajika hata hapa. Mtu anaweza kushawishika kutumia mfano wa Mzima, ambako mvua iliyonyea milima ya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno na kuibuka mbali sana ikiwa chemchemi safi, nyingine ikasafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Mikondo hiyo haionekani, na bado ipo. Mfano unapendeza, lakini unarudisha kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Mkondo wa Chyulu mwanajiolojia anaweza kuufuatilia na kuupima. Mkondo wa pumzi hufuatwa na yule tu aliyefumba macho, na akifumbua hana cha kumwonyesha mwenzake.

Lugha za Bara Hindi zenyewe hazina msaada mkubwa katika suala hili, kwa kuwa huko tabibu wa kienyeji akishika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, huyo naye husemwa anapima nadi. Neno moja limebeba mapigo ya damu na njia ya taamuli. Kiswahili hakijafungwa na mkanganyiko huo. Mwalimu wa Voi anaweza kuwaambia wanafunzi wake waketi, wanyooshe mgongo, wazibe tundu la kulia kwa kidole gumba na kuivuta pumzi taratibu kwa mkondo wa kushoto. Na yule mzee mwenye presha akinyoosha mkono na kuuliza kama mkondo huo ndio ule anaoupima daktari hapa kifundoni, jibu linakuwa fupi: la, mzee wangu, huo ni mshipa, na vidonge vyake ni vile vile.